Walinzi wa Shamba Wasiolipwa Mshahara

Leo twataka kusema nanyi habari za walinzi. Hatusemi juu ya askari wenye bunduki, wala juu ya watoto wanaofukuza ndege katika mashamba ya mtama. Twasema juu ya walinzi wadogo sana, wengine wao hawazidi chembe ya chumvi, ambao hufanya kazi usiku na mchana katika mibuni ya Rungwe na Mbozi, katika mahindi ya Mbeya na Iringa, na katika bustani za mboga za nyanda zetu zote za juu kusini. Hao ni wadudu walao wadudu wenzao, nao hawajapata kudai mshahara hata siku moja.

Pengine mtu atasema, “Habari za wadudu ni mchezo wa watoto.” Sivyo. Habari hizi zahusu fedha na chakula. Mkulima mdogo mwenye mibuni michache huchukua dawa ya kuulia wadudu kwa mkopo, na mkopo ule hulipwa kwa kahawa kabla ya kununuliwa daftari la mtoto. Kama dawa imeua adui wa shamba peke yake, vema. Lakini kama imeua adui na walinzi pamoja, mkulima ametoa fedha zake kuwafukuza watumishi wake mwenyewe, na msimu ujao atahitaji dawa zaidi, na mkopo mkubwa zaidi. Kwa hiyo twataka kuonyesha jambo moja tu: kabla ya kushika bomba la dawa, yafaa mkulima amjue adui wake, na amjue na rafiki yake pia.

WALINZI HAO NI AKINA NANI?

Walinzi wa shamba ni wa namna mbili. Namna ya kwanza ni wawindaji, yaani wale wakamatao wadudu wengine na kuwala papo hapo. Buibui ni mmoja wao. Mwingine ni yule mbawakawa mdogo wa duara, mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi, ambaye wengine humwita mdudu kobe. Yeye na watoto wake hula vidukari, yaani wale wadudu wadogo laini wanaojaa chini ya majani ya kabichi na maharage. Mwingine ni vunjajungu, asimamaye kama mtu aombaye huku akivizia nzi na viwavi. Wazee wa pwani walisema kwamba amgusaye vunjajungu atavunja chombo cha kwanza atakachoshika. Sisi hatujui kama vyungu vilivunjika kweli, lakini mtu aliyeogopa kumgusa alimwachia nafasi ya kufanya kazi yake.

Hata wanyama wakubwa kidogo wamo katika jeshi hili. Kinyonga hula wadudu siku nzima. Bundi, ambaye watu wengi humpiga mawe wakimdhania kuwa ndege wa wachawi, hukesha usiku akikamata panya, na panya ni mwizi mkubwa wa mahindi shambani na ghalani. Amwuaye bundi amewapa panya ruhusa ya kula.

Namna ya pili ya walinzi ni ya ajabu zaidi. Hao ni nyigu wadogo sana, wasiomdhuru mtu. Nyigu jike humtafuta kiwavi, au hutafuta mayai ya mdudu mharibifu, naye hutoboa na kutaga yai lake mle ndani. Yai likianguliwa, funza wa nyigu humla mwenyeji wake kutoka ndani. Kiwavi huendelea kutambaa kwa siku kadha wa kadha, kumbe amekwisha kuwa chakula. Halafu funza hutoka, na wengi wao hujifunga katika vifuko vidogo vyeupe mfano wa punje za mchele, juu ya mgongo wa kiwavi au kando yake katika jani. Mkulima asiyejua huviona vifuko vile, hudhani ni mayai ya viwavi wapya, naye huvisaga kwa vidole. Kumbe amewasaga walinzi wake.

KISA CHA KAHAWA YA KENYA

Ili tusidhaniwe kwamba twasimulia hadithi tupu, na tutazame jambo lililotokea kwa jirani zetu wa Kenya. Mnamo mwaka wa 1923, katika upande wa Thika, wakulima waliona kahawa yao imevamiwa na vidung'ata, yaani wadudu weupe waliojipaka kitu kama unga, wakaao kwa makundi katika vifundo vya matawi na kufyonza maji ya mti. Wadudu wale walienea, wakaingia katika mbaazi na mazao mengine ya chakula, na hasara ikawa kubwa.

Wataalamu walimtazama mdudu yule wakampa jina la mdudu mwingine afananaye naye, ajulikanaye katika nchi za Asia. Basi maadui zake wakatafutwa katika nchi hizo za mbali, wakaletwa, wakaachiwa mashambani. Kazi ile haikufaa kitu. Nyigu huwa na mwenyeji wake anayemjua. Ukimpeleka kwa mwingine, hamtambui. Miaka ikapita hata ilipofahamika kwamba mdudu yule alikuwa wa namna nyingine kabisa, na asili yake ni Uganda. Huko Uganda alikuwako siku zote, wala watu hawakumwona kuwa tatizo, kwa sababu nyigu wa kwao walikuwa wakimpunguza. Alipovuka kuingia Kenya ya mashariki aliwaacha nyuma maadui zake.

Mwaka wa 1938 nyigu wale walitolewa Uganda, wakafugwa na kuzalishwa, wakaachiwa katika mashamba ya Kenya. Katika miaka michache vidung'ata wakapungua sana. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuwa mdogo kuliko kichwa cha kiberiti, naye aliponya mashamba ya nchi nzima. Tena tuangalie: miaka mingi ilipotea kwa sababu ya kutomjua adui kwa jina lake halisi. Ikiwa wataalamu wenye vioo vya kukuzia walikosea, sisi nasi tusione haya kuuliza kabla ya kutenda.

DAWA ILIYOLETA WADUDU

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilitokea dawa mpya za viwandani zenye nguvu nyingi, kama DDT na parathioni. Watu walizifurahia, maana mdudu aliyepuliziwa alianguka mara. Lakini katika mashamba ya kahawa ya Kenya, katika miaka ya 1950 na 1960, lilionekana jambo lisilotazamiwa. Mahali palipopuliziwa dawa kali, vidomozi, yaani wale funza watoboao njia ndani ya jani la kahawa, walizidi badala ya kupungua. Viwavi wakubwa ambao zamani walikuwa wachache wasiotajwa na mtu, sasa wakaja kwa wingi na kula majani.

Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Mdudu mharibifu huzaa upesi na kwa wingi; mlinzi wake huzaa baada ya kupata chakula, yaani baada ya mharibifu kuwapo. Tena kidomozi amejificha ndani ya jani, lakini nyigu hutembea juu ya jani akimtafuta. Dawa ikipulizwa, nyigu hufa kwanza. Mharibifu aliyesalia hujikuta katika nyumba isiyo na mlinzi, naye huzaa bila hofu. Mkulima akiona hivyo hupuliza tena, na kila apulizapo hubaki wale wadudu ambao dawa haiwaui, nao huzaa watoto walio kama wao. Mwisho dawa hugeuka kuwa maji matupu, ila bei yake haipungui.

MIHOGO, NA KIWAVIJESHI VAMIZI

Kisa kingine chahusu mihogo, chakula cha mamilioni ya watu wa Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vidung'ata wa mihogo walionekana katika nchi za Kongo, nao walikuwa wametoka Amerika ya Kusini. Walienea nchi baada ya nchi, hata wakafika mwambao wa Ziwa Nyasa. Mwaka wa 1981 nyigu amshambuliaye alipatikana Paraguay. Taasisi ya kimataifa ya kilimo iliyoko Ibadan, Nijeria, ikamfuga na kumwachia mashambani, na kazi hiyo iliongozwa na mtaalamu aitwaye Hans Herren. Nyigu yule alienea katika nchi zipatazo 30 za Afrika. Mwaka wa 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Mkulima wa mihogo hakununua chupa hata moja ya dawa. Wengi hawakujua hata kwamba nyigu amefika.

Sasa na turudi kwetu. Mbeya na Iringa, pamoja na Rukwa na Ruvuma, ni mikoa ambayo kwa miaka mingi imelisha nchi kwa mahindi. Mwaka wa 2017 alionekana Tanzania kiwavijeshi vamizi, naye asili yake ni Marekani ya kaskazini na kusini. Nondo wake hutaga mayai kwa mafungu ya mia na zaidi, na kiwavi hujificha ndani kabisa ya kikonyo cha mhindi, mahali ambapo dawa haimfikii kwa urahisi. Watu walishikwa na hofu, na mabomba yakaanza kazi. Lakini katika mwaka wa 2018 watafiti wa taasisi ya wadudu ya Nairobi, iitwayo icipe, walitangaza kwamba katika Ethiopia, Kenya na Tanzania wamewakuta nyigu na nzi wenyeji wa Afrika wakiwa wamekwisha kuanza kumtagia mayai mgeni huyu. Hawakuletwa na mtu. Walikuwa humu humu, wakiishi kwa viwavi wa zamani, wakajifunza chakula kipya.

Basi mkulima wa Iringa aonaye kiwavi huyu na afanye hivi. Apite shambani mara mbili kila juma mahindi yangali machanga. Atafute mafungu ya mayai katika majani na kuyasaga. Akiona kiwavi hai katika kikonyo, amtoe na kumwua kwa mkono; wengine hutia mchanga au majivu kidogo katika kikonyo. Lakini akiona kiwavi mnyonge, asiyekula, au mwenye vifuko vyeupe kando yake, amwache kama alivyo. Huyo tayari ana bwana wake.

SISIMIZI: RAFIKI AU ADUI?

Wasomaji wetu wa Rungwe watauliza juu ya sisimizi wapandao mibuni. Sisimizi hawali jani la kahawa, lakini hupenda ule utamu utokao kwa vidung'ata na vidugamba. Kwa ajili ya utamu huo huwachunga wadudu wale kama mtu achungavyo ng'ombe, nao huwafukuza nyigu na wadudu kobe wanaokuja kuwala. Kwa hiyo katika kahawa, kumzuia sisimizi ni kumfungulia mlinzi mlango. Yafaa kufunga mkanda wa kitambaa katika shina na kuupaka gundi au grisi, bila kuipaka juu ya gome lenyewe; tena yafaa kukata matawi yagusayo ardhi na majani marefu yagusayo mti, maana sisimizi asiyepata njia shinani atapanda kwa ngazi nyingine. Mkulima wa zabibu wa Dodoma naye na asikie neno hili, kwa kuwa mizabibu nayo huingiwa na vidung'ata, na sisimizi huwachunga huko vivyo hivyo.

Lakini tusiwahukumu sisimizi wote kwa kosa la mmoja. Huko Unguja wako maji moto, wale wekundu wakali washonao majani kuwa kiota. Hao hulinda minazi, kwa kumfukuza mdudu afyonzaye nazi changa na kuziangusha. Mdudu yule yule aweza kuwa mlinzi katika zao moja na msumbufu katika zao jingine. Ndiyo maana twasema: kwanza ujue.

KUHESABU KABLA YA KUPULIZA

Katika kahawa ya Mbozi, ambayo tangu mwaka wa 2016 imo katika Mkoa wa Songwe, na zamani ilikuwa katika Mkoa wa Mbeya, mharibifu mmoja mkubwa ni kimatira. Mdudu huyu mwenye rangi nyeusi, nyeupe na ya machungwa hufyonza matunda, na kwa jeraha lake huingia ukungu uozeshao buni. Hutaga mayai yapatayo 12 pamoja, na nyigu wadogo huyatafuta mayai hayo na kuyaharibu. Kimatira hupenda mti wenye majani mengi yaliyosongamana. Kwa hiyo silaha ya kwanza ni mkasi wa kupogolea: mti uliopogolewa vizuri huingiza mwanga, na kimatira haupendi.

Silaha ya pili ni hesabu. Tandika kitambaa cheupe chini ya mbuni, utikise matawi, uhesabu kimatira walioanguka. Fanya hivyo katika miti kadha wa kadha ya pande zote za shamba. Wakiwa chini ya mmoja au wawili kwa kila mti, kwa wastani, acha bomba nyumbani, walinzi wanafanya kazi. Wakizidi hapo, ndipo utafute shauri la dawa, na shauri hilo hupatikana kwa bwana shamba, au katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Mbimba, huko Mbozi. Wakulima wa mahindi, maharage na viazi nao wana kituo cha Uyole, karibu na mji wa Mbeya.

Hata dawa zenyewe si sawa. Nyanda zetu hizi zimelima pareto tangu miaka ya 1930, na kiwanda cha kuikamua kiko Mafinga. Dawa ya pareto huangusha wadudu upesi, lakini jua huivunja nguvu kwa muda mfupi, basi haikai shambani ikiwaua walinzi waliokuja nyuma. Utupa nao, ambao wazee walijua kuwatilia samaki, huua wadudu. Lakini tusidanganyike kwamba kitu kitokacho katika mmea hakina madhara. Pareto humwua nyuki pia, kwa hiyo hupulizwa jioni, nyuki wakiisha kurudi mzingani. Na utupa usioshwe wala usimwagwe mtoni, maana utaua samaki wa watu. Pulizia miti iliyoshambuliwa tu, si shamba zima.

KAZI ILIYOBAKI NI YETU

Hatutaki kuwaahidi ninyi jambo ambalo walinzi hawa hawawezi. Nyigu hawezi kuponya chulebuni, wala kutu ya majani, kwa kuwa hayo ni magonjwa ya ukungu. Dawa yake ni kupanda aina bora za mibuni zihimilizo magonjwa hayo, ambazo Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania imezitoa, pamoja na kupogoa na usafi wa shamba. Tena walinzi hawaji mahali pasipo na makao. Nyigu mkubwa hunywa utamu wa maua. Buibui hutaka kivuli na majani makavu ya kujificha. Shamba lililofyekwa mpaka kikabaki kipara halina pa kuwalaza. Ndiyo sababu kibanja cha Rungwe chenye migomba, mibuni na maharage pamoja kina hekima ndani yake, ingawa mgeni hukiona kama kichaka.

Ukulima wa namna hii leo huitwa kilimo hai, na nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kanuni zake mwaka wa 2007. Mazao yanayozifuata hupewa alama ya Kilimohai. Lakini kuacha dawa za kiwandani si kukaa kivulini. Ni kupogoa, kutia samadi, kuzungusha mazao, kuhesabu, na kutazama. Kilimo hai cha mvivu hugeuka kuwa njaa.

Na ninyi wanafunzi, tunawapa kazi moja. Tafuteni viwavi watano katika mahindi ya nyumbani, mkamtie kila mmoja katika chupa yake pamoja na jani bichi, maana wakikaa pamoja watalana. Fungeni midomo ya chupa kwa kitambaa chepesi, mbadilishe jani kila siku, na kuandika siku za juma. Baada ya majuma mawili au matatu, katika chupa moja atatoka nondo. Katika nyingine pengine atatoka nyigu mdogo mweusi, au nzi. Hesabuni ni chupa ngapi zimetoa nondo na ngapi zimetoa walinzi, mkawaonyeshe wazazi wenu hesabu hiyo kabla hawajakwenda dukani kununua dawa. Nyigu na nzi waacheni waruke warudi shambani, maana kazi yao haijakwisha.